Kamera ya Joto Haipimi Chakula cha Kondoo

Kamera ya joto hupokea miale ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu na kuigeuza kuwa picha ya rangi, ambamo kila nukta ina kipimo chake cha joto. Miale hiyo iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, akakuta joto linapanda mahali ambapo jicho halioni chochote. Kila kitu chenye joto hutoa miale ya namna hii, na kiasi chake hufuata kipeo cha nne cha joto halisi. Kanuni hiyo ilitolewa na Josef Stefan mwaka 1879, na Ludwig Boltzmann akaieleza kinadharia mwaka 1884. Kamera zinazotumika kwa mifugo hupokea mawimbi ya maikromita 8 hadi 14 hivi, na machoni mwake kondoo aliyesimama gizani anang'aa.

Mng'ao huo ndio uliozaa imani inayozidi kuenea kwenye utafiti wa mifugo: kwamba picha ya joto inaweza kumtambulisha kondoo anayetumia chakula vizuri na yule anayekipoteza, bila kupima chakula wala kumgusa mnyama, tena kwa sekunde chache. Imani hiyo inavutia kwa sababu kupima chakula ni kazi ngumu. Kila kondoo lazima awe na hori lake au hori lenye mizani ya kielektroniki, mabaki yapimwe, na kazi iendelee kwa wiki nyingi. Kwa ng'ombe kipindi kilichozoeleka ni siku 70. Anayetafuta njia ya mkato hana lawama. Lakini njia iliyotafutwa hapa haifiki inakosemwa inafika, na kosa lake kubwa limo kwenye hesabu kuliko kwenye kamera.

Hesabu yenyewe ni kongwe na imara. Nishati ya chakula hugawanyika: sehemu hutoka na kinyesi, sehemu na mkojo, sehemu hutoka mdomoni kama gesi ya methani. Inayobaki ina njia mbili tu. Ama inageuka kuwa mazao, yaani nyama, mafuta, manyoya, maziwa au mimba, ama inatoka mwilini kama joto. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakalipima joto lake kwa maji yaliyoyeyuka. Karibu miaka 170 baadaye, katika taasisi ya Hannah huko Uskoti, Kenneth Blaxter na wenzake waliwaweka kondoo kwenye chemba zilizofungwa, wakapima oksijeni waliyoivuta, kaboni dioksidi na methani waliyoitoa, na kila walichokula na kukitoa. Kitabu chake kuhusu nishati kwa wanyama wanaocheua kilitoka mwaka 1962, na majedwali ya lishe ya kondoo yanayotumika leo yana deni kubwa kwa kazi hiyo.

Kutoka kwenye hesabu hiyo watetezi wa kamera huchukua kauli moja: joto ni nishati ambayo haikugeuka kuwa zao. Kauli hiyo ni kweli. Kisha huongeza ya pili: kwa hiyo kondoo mwenye ngozi baridi zaidi ndiye aliyepoteza kidogo. Hii ya pili ni kweli kwa sharti moja, nalo ni kwamba kondoo wanaolinganishwa wawe wamekula nishati sawa. Sharti hilo likiondolewa kauli nzima huanguka, kwa maana kamera haioni hori. Haijui nani alikula kilo moja na nusu na nani alinusa pumba akageuka.

Wafikiriwe wanakondoo watatu wa umri mmoja ndani ya zizi moja. Wa kwanza ana minyoo ya Haemonchus contortus inayonyonya damu kwenye tumbo lake la nne. Hamu ya kula imemtoka, tumbo lake la kucheulia halina shughuli nyingi, na joto analozalisha limeshuka. Wa pili anakula sana na kukua haraka, na kwa kuwa usagaji wa chakula na ujenzi wa nyama vyote huzalisha joto, mwili wake ni moto. Wa tatu anakula wastani na kukua vizuri, naye ndiye anayetafutwa. Kwa kanuni ya baridi ni bora, kamera itampa mgonjwa nafasi ya kwanza. Mfugaji akiwachagua wazazi wa kundi lake kwa picha hiyo, baada ya vizazi vichache atakuwa na kondoo wasiokula. Hatari hiyo si ya kufikirika: hamu ndogo ya kula ndiyo njia rahisi kuliko zote ya mwili kupunguza joto lake.

Kipimo kinachotumiwa sana kueleza matumizi mazuri ya chakula kilitolewa na Robert Koch na wenzake nchini Marekani mwaka 1963, wakichunguza ng'ombe wa nyama. Ni tofauti kati ya chakula alichokula mnyama kweli na kile ambacho angetarajiwa kula kwa uzito wake na kasi yake ya kukua. Anayekula chini ya matarajio huku akikua sawa na wenzake ndiye mwenye faida. Kipimo hicho kinaanza na chakula kilichopimwa na kuishia na uzito uliopimwa. Kukitafuta kwenye rangi ya ngozi bila hori wala mizani ni kutafuta jibu la hesabu ya kutoa huku namba zote mbili zimefichwa.

Aina ya chakula nayo huingia kati. Wakati wa kunenepesha, nishati ya nyasi kavu hafifu iliyosalia baada ya kinyesi, mkojo na methani hubaki mwilini kwa kiasi cha theluthi moja tu, na nyingine hutoka kama joto. Ya nafaka hubaki karibu nusu au zaidi kidogo. Kondoo yuleyule akihamishwa kutoka kwenye nyasi za kiangazi kwenda kwenye mahindi na mashudu, atabadilisha joto lake bila kubadilika kitabia wala kinasaba. Saa ya kula ina uzito uleule: joto hupanda baada ya mlo na kubaki juu kwa saa kadhaa. Picha mbili zilizopigwa saa 2 asubuhi na saa 6 mchana haziwezi kulinganishwa, hata kama mnyama ni mmoja.

Ukubwa wa tofauti inayotafutwa unastahili kupigiwa hesabu, kwa sababu hapo ndipo imani hii inapopwaya zaidi. Kwa kanuni ya Max Kleiber, ya kilokalori 70 kwa siku kwa kila kilo ya uzito uliopandishwa kipeo cha robo tatu, kondoo wa kilo 40 aliyefunga kula huzalisha joto la wati 54 hivi. Akiwa ameshiba, ichukuliwe kwamba anafika wati 70. Kondoo mwenzake anayezalisha joto pungufu kwa asilimia 10 atakuwa amepunguza wati 7. Eneo la mwili wake ni kama mita 1 ya mraba. Ndani ya banda lenye hewa tulivu, mita moja ya mraba hupoteza takriban wati 10 kwa kila nyuzi moja ambayo uso wa mwili umezidi joto la mazingira. Nusu ya joto ikitoka kwa mvuke wa pumzi na ngozi, tofauti inayobaki ya kuonekana ni karibu theluthi moja ya nyuzi, iliyosambaa mwili mzima.

Kamera za kawaida huandikiwa usahihi wa nyuzi 2 juu au chini. Namba inayosifiwa zaidi ni nyingine, ile ya wepesi wa kutofautisha nukta mbili, ambayo huwa chini ya nyuzi 0.1. Namba hizi mbili hazisemi jambo moja. Ya pili inaeleza uwezo wa kuona kwamba nukta hii ni moto kuliko ile ndani ya picha moja. Ya kwanza inaeleza kama nyuzi 36 zilizosomwa leo ni zilezile 36 za kesho. Kutumia kamera moja kwa siku moja hupunguza tatizo hilo lakini hakuliondoi, maana kihisi huhama kadiri kamera yenyewe inavyopata joto. Upepo mdogo ukiingia mlangoni, ile theluthi ya nyuzi imekwisha kumezwa.

Nchi za joto zinaongeza ugumu ambao vitabu vya Ulaya huupita haraka. Joto huondoka mwilini kwa miale, kwa hewa inayopita, kwa kugusana na ardhi, na kwa mvuke. Kamera husoma joto la uso peke yake, na uso hueleza kiasi kinachopotea pale tu ambapo mwili ni moto kuliko mazingira. Hewa ikikaribia nyuzi 35, ngozi na mazingira hukaribiana, na kondoo hutegemea kuhema. Pumzi zake hupanda kutoka 20 au 30 kwa dakika hadi kupita 200. Joto hilo linatoka kama mvuke usioonekana kwenye picha. Kibaya zaidi, mvuke huo huipoza pua, na pua baridi husomeka kama dalili ya utulivu wakati mnyama yumo mashakani. Kifaa kinachofaa kwenye banda la baridi hupoteza kazi yake mahali penye kondoo wengi wanaolishwa nyikani.

Manyoya nayo ni pazia. Kamera ikielekezwa zizini alfajiri, kondoo wa sufi ndefu huonekana na mwili wa kijivu uliofifia na uso unaowaka. Macho, ndani ya masikio, midomo na sehemu za ndani za mapaja ndizo zinazoonekana waziwazi; mgongo, ulio karibu zaidi na misuli mingi, umezimika kabisa. Akisimama aliyekuwa amelala, upande uliokuwa chini unang'aa kwa muda, na alama ya mwili wake inabaki imechorwa kwenye samadi. Aliyelowa mkojo ana doa jeusi pajani. Mtu akiyatenganisha manyoya kwa vidole ili ngozi ionekane, mstari mwembamba wa joto hutokea, kisha hufifia papo hapo hewa inapoupiga, na kando ya mstari zimebaki alama za vidole vyake. Anayeandika namba ya ngozi wakati huo anaandika pia joto la mkono wake.

Blaxter na wenzake walikwisha kuonyesha ukubwa wa pazia hilo. Kondoo aliyenyolewa huanza kuchoma nishati zaidi ili kujipa joto hewa ikishuka chini ya nyuzi 25 hadi 30, wakati mwenye sufi ndefu anavumilia hadi karibu na sifuri. Kule Australia, kwenye jua kali, ncha za sufi za Merino zimepimwa zikiwa na zaidi ya nyuzi 80 huku ngozi iliyo chini ikiwa karibu na joto la kawaida la mwili. Picha ya kondoo huyo ni picha ya jua. Dorper, uzao wa Afrika Kusini uliotokana na Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, huonyesha jambo hilo kwa mnyama mmoja: mchana kichwa cheusi huwaka na mwili mweupe hutulia. Tofauti hiyo imetoka kwenye rangi inayofyonza mwanga. Haihusiani na chakula hata kidogo.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi wamehamia kwenye kona ya ndani ya jicho, ambako ngozi ni nyembamba na damu iko karibu. Ni uchaguzi mzuri kwa anayetafuta homa. Kwa anayetafuta matumizi ya chakula ni mbaya, kwa kuwa mishipa ya sehemu zilizo wazi hutii woga kabla ya kutii tumbo. Kondoo akifukuzwa na kushikwa, mishipa hiyo hubana au kufunguka kwa amri ya neva, na sikio linaweza kubadilika kwa nyuzi nyingi ndani ya dakika chache. Kamera husifiwa kwamba haimgusi mnyama, lakini ili jicho lipatikane karibu, kwa pembe sahihi, na kwa nukta za kutosha, mara nyingi kondoo hushikwa. Vipimo vingi vya aina hii, kwa kweli, vinapima utulivu wa kondoo mbele ya watu.

Hoja yenye nguvu zaidi upande wa pili inahusu ubavu wa kushoto. Tumbo la kucheulia limeegemea upande huo, na kwa sababu ya uchachu wake huwa moto kuliko mwili kwa nyuzi 1 hadi 2. Mwaka 2008 watafiti wa Guelph, Kanada, walichapisha kazi juu ya ng'ombe wa maziwa iliyohusisha joto la ngozi na uzalishaji wa joto na methani, ikiwemo tofauti kati ya ubavu wa kushoto na wa kulia. Wazo hilo lina akili ndani yake, kwa sababu linamlinganisha mnyama na nafsi yake na hivyo kuondoa sehemu ya kelele za hali ya hewa. Linastahili kuendelezwa. Lakini ng'ombe wa maziwa ndani ya banda si kondoo mwenye sufi malishoni, na uhusiano uliopatikana kwa saa fulani baada ya mlo hauwi kipimo cha methani ya siku nzima. Kituo cha Mazingira cha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi hupima methani ya mifugo kwa chemba za kupumulia, na picha yoyote ya joto itakayodai nafasi hiyo lazima kwanza isimame kando ya chemba na kukubaliana nayo.

Takwimu zinazoletwa kama ushahidi nazo zisomwe kwa makini. Uwiano wa 0.3 kati ya joto la jicho na matumizi ya chakula ukitangazwa kuwa una maana kitakwimu, maana yake halisi ni kwamba joto hilo limeeleza asilimia 9 ya tofauti zilizopo. Asilimia 91 ziko mahali pengine. Mtafiti akipima sehemu kumi za mwili kwa saa nne tofauti, amejipa nafasi 40 za kukutana na uwiano kwa bahati tu. Ndiyo maana kazi zilizochapishwa hazikubaliani: nyingine zinawakuta wanyama wenye matumizi mazuri wakiwa baridi zaidi, nyingine wakiwa moto zaidi, nyingine hazikuti tofauti yoyote. Dalili inayogeuka kutoka kuongeza hadi kupunguza kwa kubadilisha banda haijafika hadhi ya kuitwa kipimo.

Kamera ina kazi zake, na katika hizo inastahili heshima. Kwato moja ikiwa moto kuliko tatu zilizobaki, kuna uvimbe au maambukizi, na picha inaweza kusema hivyo kabla kondoo hajaanza kuchechemea. Kiwele chenye nusu moja iliyowaka kinadai kukaguliwa. Jicho lenye joto kupita kiasi katika kundi lililotulia ni sababu ya kuchukua kipimajoto cha njia ya haja kubwa na kuona kama nyuzi 39 za kawaida zimepita 40. Mwanakondoo aliyezaliwa usiku wa baridi huishi kwa mafuta ya kahawia yanayochomwa kumpa joto, na kamera humwonyesha anayezimika wakati bado anaweza kuokolewa. Katika mifano yote hii kipo cha kulinganishwa nacho, ama mguu mwingine, ama nusu nyingine ya kiwele, ama wenzake wa saa ileile, na tofauti inayotafutwa ni ya nyuzi nzima.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili kwa ukaribu. Tofauti kubwa ya faida kati ya kondoo wa hapa hutokana na minyoo, kiu na uhaba wa malisho, na vipimo vyake vipo, tena vya bei ndogo. Kadi ya FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini ina rangi tano zinazolinganishwa na utando wa ndani wa kope. Utando uliopauka humaanisha upungufu wa damu unaoletwa na Haemonchus, na mfugaji anampa dawa kondoo huyo badala ya kundi zima. Kupapasa uti wa mgongo kiunoni hutoa alama ya unene kwa mkono mtupu. Mizani ya kuning'iniza juu ya mti hutoa uzito, na uzito wa mwezi huu ukitolewa kwenye wa mwezi ujao hutoa kasi ya kukua. Bajeti ya kituo ikitosha kitu kimoja tu, kununua kamera ya joto kabla ya mizani na mahori ni kosa la kitaalamu.

Ushahidi upo kwenye pwani ya Kenya. Kati ya 1991 na 1996, kwenye shamba la Diani, watafiti walilinganisha kondoo mwekundu wa Kimaasai na Dorper pamoja na machotara wao chini ya mzigo wa minyoo. Walihesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, wakapima chembe nyekundu za damu, wakawapima wanakondoo uzito na kuandika waliokufa. Dorper ana umbo kubwa na sifa nyingi. Katika mazingira yale yenye unyevu, kondoo wa Kimaasai ndiye aliyewashinda minyoo na kubaki hai, na jumla ya faida ikawa upande wake. Matokeo hayo yalipatikana kwa kinyesi, damu na mizani.

Utafiti wowote wa kondoo unaotaja matumizi ya chakula bila kuonyesha chakula kilichopimwa urudishwe kwa mwandishi wake.